Bunduki ya bolti iliyofungwa darubini kiwandani: bei moja, vitu vitatu

Ukinunua bunduki ya kuwindia iliyotoka kiwandani na darubini yake juu, risiti itaonyesha kitu kimoja. Ukweli ni kwamba umenunua vitatu: bunduki, darubini, na vyuma vinavyoviunganisha. Mara nyingi vitatu hivyo vimetengenezwa na kampuni tofauti, na kila kimoja kimepewa fungu lake ndani ya ile bei moja. Muuzaji atakusifia bunduki. Wewe utavutiwa na darubini, kwa kuwa ndiyo unayochungulia dukani. Vile vyuma vya kati hakuna atakayevitaja, na ndivyo vinavyowaharibia watu mawindo.

Bunduki za namna hii, za kifurushi, ziko nyingi sokoni. Savage inauza Axis XP, Ruger inauza American yenye darubini ya Vortex Crossfire II, Mossberg inauza Patriot. Hesabu ya biashara yenyewe haina siri: kiwanda kinanunua darubini kwa maelfu, kinapata bei ambayo mtu mmoja hawezi kuipata, na mnunuzi anaondoka na kitu kinachoonekana kimekamilika. Mara nyingi tofauti ya bei kati ya bunduki tupu na ile ile yenye darubini ni ndogo kuliko bei ya darubini hiyo ukiinunua peke yake. Kwa hiyo si utapeli. Ila kazi haijaisha, na sehemu iliyobaki ni ya kwako.

Bunduki yenyewe

Niseme mapema jambo ambalo wazee wa bunduki hawapendi kulisikia: bunduki za bei nafuu za siku hizi zinapiga vizuri. Kuna sababu, na sababu zenyewe ni za karakana.

Bunduki ya bolti, yaani chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, inafungwa kwa mkono. Unanyanyua mkono wa bolti, unauvuta nyuma, ganda linaruka, unausukuma mbele na kuushusha, risasi nyingine iko ndani. Ikishafungwa, nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha risasi iliyo kwenye chemba, lile tundu la nyuma ya mtutu inapokaa risasi, lazima iwe sahihi kabisa. Ikizidi, ganda linanyooka na linaweza kupasuka. Ikipungua, bolti haifungi. Kwa njia ya zamani, fundi mzoefu aliifikia nafasi hiyo kwa kuchonga kidogo, kupima, kuchonga tena. Mwaka 1958 Savage ilitoa Model 110, iliyobuniwa na Nicholas Brewer, ambayo mtutu wake unakazwa kwa nati. Unaweka geji (kipimo chenye umbo la risasi) kwenye chemba, unausokota mtutu mpaka uiguse geji, unakaza nati, umemaliza. Ruger American na bunduki nyingine kadhaa za bei nafuu zinatumia njia hiyo hiyo. Ongeza na mitutu inayofuliwa kwa nyundo za mashine juu ya fimbo ngumu, ikatoka na mifereji yake ya ndani tayari, na mwili wa bunduki unaochongwa kutoka kwenye nondo ya duara kama ule wa Remington Model 700 ya mwaka 1962. Hakuna hata kimoja kati ya hivi kinachopunguza usahihi. Vinapunguza saa za fundi.

Asili ya bunduki hizi karibu zote ni Mauser ya 1898. Bolti yake ilikuwa na meno mawili makubwa mbele ya kuifungia ndani na ukucha mrefu wa chuma ulioishika risasi tangu inatoka kwenye magazini. Bunduki nyingi za bei nafuu hazina ukucha ule. Zinaisukuma risasi mbele ikiwa huru, na kijino kidogo kinaikamata mwishoni kabisa bolti inapofungwa. Winchester ilipouacha ukucha kwenye Model 70 mwaka 1964, wawindaji walinuna kiasi kwamba mpaka leo zile za kabla ya mwaka huo zinatafutwa kwa bei ya juu. Kwa anayewinda swala au kulungu, ugomvi huu ni wa kupigia soga. Kwa anayemfuata nyati si soga hata kidogo: ukivuta bolti nusu kwa kuchachawa kisha ukairudisha mbele, bunduki isiyo na ukucha inaweza kuiacha risasi ya kwanza palepale na kusukuma ya pili juu yake, ukabaki na bomba lililoziba. Lakini mnyama wa hatari anataka bunduki ya aina nyingine kabisa, ya risasi ya .375 H&H au kubwa zaidi, na hiyo huipati kwenye boksi lenye darubini ya bei nafuu. Tuiache hapo.

Ubahili wa kiwanda unaonekana kwanza kwenye kitako. Vitako vya plastiki vya kumiminwa kwenye kalibu ni vyepesi na havivimbi kwa unyevu kama mbao, ila sehemu ya mbele inayokaa chini ya mtutu huwa laini. Dukani, baada ya kuhakikisha kwa macho na kwa kidole kwamba chemba ni tupu, chukua karatasi ya kawaida, ipitishe kati ya mtutu na kitako, uivute kuelekea kwenye chemba. Inapaswa kuteleza bila kukwama mpaka karibu na mwili wa bunduki. Sasa ubane mtutu na kitako pamoja kwa kiganja, kwa nguvu za kawaida, ujaribu tena. Karatasi ikinaswa, maana yake ukiiegemeza bunduki hiyo kwenye gogo au ukiuvuta mkanda wake, plastiki itaugusa mtutu na risasi itahama. Bunduki inaweza kuwa nzuri ikiwa mezani, ikawa kigeugeu porini, na mwenye nayo akabaki kuilaumu darubini.

Traiga (vifyatulio) zimeboreka sana tangu Savage ilipoleta AccuTrigger mwanzoni mwa miaka ya 2000, na washindani wakalazimika kufuata. Tafuta inayorekebishika, iliyo nyepesi kiasi lakini isiyotisha, inayokatika ghafla bila kuburuta. Kwenye sefti, kile kizuizi cha kuzuia bunduki isilie, kagua kama unaweza kufungua bolti na kutoa risasi huku sefti imefungwa. Baadhi zinaruhusu, baadhi haziruhusu, na mimi napendelea zinazoruhusu kwa sababu kutoa risasi ni mojawapo ya nyakati ambazo ajali hutokea.

Mkono wa bolti nao una uhusiano na darubini kuliko watu wanavyodhani. Bolti nyingi zenye meno mawili hunyanyuliwa nyuzi 90. Ruger American, yenye meno matatu, hunyanyuliwa nyuzi 70. Darubini ikifungwa chini, mkono wa nyuzi 90 unakaribia sana sehemu ya nyuma ya darubini, na mwenye vidole vinene au glavu anajigonga kila anapopakia. Mwombe muuzaji akuruhusu uifungue na kuifunga bolti bunduki ikiwa begani, haraka, kama ungefanya porini. Watu wengi wanaichezesha ikiwa kiunoni, na ikiwa kiunoni kila bolti ni laini.

Kaliba, na teke lake

Hapa ndipo wanunuzi wengi wanapojidanganya kwa ukubwa. Kaliba, yaani aina na ukubwa wa risasi, zilizozoeleka kwenye bunduki za kifurushi ni chache na zina undugu. .308 Winchester ilitoka mwaka 1952, na ganda lake likazaa .243 mwaka 1955 na baadaye 7mm-08 mwaka 1980. .30-06 Springfield ni ya mwaka 1906, na .270 ya mwaka 1925 ni ndugu yake mwenye kichwa chembamba. 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 ndiyo mtoto wa mwisho mwenye sifa nyingi. Ganda la .308 lina urefu wa milimita 51 na la .30-06 lina 63, kwa hiyo la kwanza linaingia kwenye bunduki yenye bolti fupi na la pili linataka ndefu.

Kwa wanyama wa ukubwa wa swala na kulungu, ndani ya mita 200 au 250, mnyama hatajua tofauti kati ya hizi zote risasi ikipita panapostahili. Bega lako litajua. Nguvu ya teke hutegemea uzito wa kichwa cha risasi na baruti upande mmoja, na uzito wa bunduki upande wa pili: bunduki ikipungua uzito, nguvu ya teke hupanda kwa uwiano uleule. .30-06 inapiga teke karibu mara mbili ya .243. Bunduki za kifurushi kwa kawaida ni nyepesi, nyingi zikikaribia kilo 3 bila darubini, na raba ya kitakoni si lazima iwe nzuri. Magnamu (kaliba yenye baruti nyingi) kama .300 Winchester ndani ya bunduki ya uzito huo inamfundisha mtu kufumba macho kabla ya traiga kukatika, na ukishajifunza tabia hiyo kuiacha ni kazi ya miezi. Halafu teke hilo hilo linaipiga darubini ya bei nafuu kila risasi inapotoka. Ukinunua kifurushi, nunua kaliba ya wastani. .308, 7mm-08 na 6.5 Creedmoor zinatosha kwa kazi nyingi sana, na .308 ina faida moja ya ziada kwamba risasi zake ni rahisi kupatikana karibu kila mahali zinapouzwa risasi.

Angalia pia sheria ya nchi unakowindia kabla ya kuamua, maana nyingi zinaweka kaliba ya chini kwa kila kundi la wanyama. Na maandishi yaliyochorwa kwenye mtutu lazima yalingane na yale ya kwenye boksi la risasi, herufi kwa herufi.

Darubini

Namba 3-9x40 zinasoma hivi: inakuza kutoka mara 3 hadi mara 9, na lenzi ya mbele ina kipenyo cha milimita 40. Muuzaji atakuvuta kwenye 9. Mwindaji anaishi kwenye 3, 4 na 6.

Ugawe kipenyo cha lenzi kwa ukuzaji, upate upana wa duara la mwanga linalofika kwenye jicho lako. Kwenye mara 9 ni 40 gawa kwa 9, yaani milimita 4.4. Kwenye mara 6 ni 6.7. Mboni ya kijana gizani hufunguka mpaka karibu milimita 7, na ya mtu mzima wa makamo huishia kwenye 5 hivi. Hesabu hii ndogo inaeleza kitu ambacho watu wanakilalamikia bila kukielewa: jua likizama, darubini iliyo kwenye mara 9 inaonekana imejaa ukungu, ukishusha mpaka 6 au 5 mnyama anarudi kuonekana. Duara likiwa pana pia hakuna haja ya kuhangaika kuliweka jicho mahali pamoja, na hilo ni jambo la maana mnyama akitokea ghafla umbali wa mita 40. Kwa hiyo tembea na darubini ikiwa kwenye 3 au 4. Muda wa kuongeza huwa upo. Muda wa kupunguza mara nyingi haupo.

Kuna neno ambalo wauzaji hulitumia kutisha watu: paralaksi. Ni ile hali ya msalaba wa kulengea ulio ndani ya darubini kuonekana unatembea juu ya shabaha ukisogeza jicho pembeni. Darubini nyingi za bunduki za kuwindia hazina kirungu cha kuirekebisha. Zimepangwa kiwandani zisiwe na kosa hilo kwenye umbali mmoja, mara nyingi yadi 100, sawa na mita 91. Je, inadhuru? Kwa lenzi ya milimita 40 iliyopangwa kwa mita 100, kosa kubwa kabisa kwenye mita 200, jicho likiwa ukingoni kabisa mwa lenzi, ni sentimita 2. Kwa kulungu, sentimita 2 si kitu. Usilipe zaidi kwa ajili ya kirungu hicho kama huendi kwenye mashindano.

Kinachostahili pesa hakionekani dukani. Ndani ya bomba la darubini kuna bomba jingine dogo lililobeba lenzi za kati na msalaba. Virungu viwili vya juu na pembeni vinalisukuma, na springi inalisukuma kurudi. Springi ikiwa dhaifu, unageuza kirungu klik nne (hatua zake ndogo) na msalaba hausogei. Unapiga risasi, teke linaliamsha lile bomba dogo, linaruka nafasi yake yote kwa mkupuo, na risasi inayofuata inaangukia sehemu uliyokwisha kuikatia tamaa. Mtu anayeifukuza darubini ya namna hiyo humaliza boksi zima la risasi bila kujua anayumbishwa na springi.

Lenzi zenyewe siku hizi ni nzuri hata kwenye darubini za bei ya chini, kwa hiyo usizipime kwa kuangalia bango la upande wa pili wa barabara mchana kweupe. Kila darubini inang'aa mchana. Iangalie jioni, kwenye kivuli kizito chini ya miti, halafu ielekeze karibu na taa uone kama picha inafunikwa na weupe.

Umbali wa jicho nao usiupuuze. Darubini hizi hutaka jicho liwe sentimita 9 hivi nyuma ya lenzi. Kiwandani darubini imefungwa mahali pa katikati panapofikiriwa kumfaa kila mtu, maana yake hapamfai mtu maalumu. Kuna jaribio la kuaminika: fumba macho, weka bunduki begani kama kawaida yako, lalisha shavu kitakoni, kisha fumbua. Ukiona picha kamili bila pete nyeusi pembeni, imekukaa. Ukilazimika kunyoosha shingo mbele, darubini isogezwe nyuma. Ukilazimika kuinua kichwa mpaka shavu linaelea, kitako kiko chini mno kwa darubini hiyo, na utahitaji kipande cha kuongeza juu yake. Usikubali kuzoea. Aliyezoea kunyoosha shingo ndiye anayechanwa na ukingo wa darubini juu ya nyusi siku anapopiga akiwa ameelekea mlimani.

Vyuma vya kati

Chini ya darubini kuna reli au vitako viwili vidogo vilivyofungwa juu ya mwili wa bunduki kwa skrubu, na juu ya hivyo kuna ringi zinazolikumbatia bomba, ambalo kwa darubini nyingi za aina hii lina kipenyo cha milimita 25.4. Kwa hiyo kuna maungio mawili. Watu wakikagua, hukagua ringi kwa sababu skrubu zake zinaonekana. Skrubu za reli zimejificha chini ya darubini na huwezi kuzifikia bila kuitoa. Zikilegea hata robo mzunguko, darubini nzima inacheza kwa kiasi usichokiona kwa macho, na kwenye mita 100 risasi zinatawanyika kama za mtu anayetetemeka.

Kiwandani mashine au mfanyakazi amezikaza kwa haraka, bunduki ikasafiri kwenye meli na malori, ikagongwagongwa. Mimi kwa bunduki yoyote ya kifurushi ningefanya hivi kabla ya risasi ya kwanza: naitoa darubini, nafungua reli, nasafisha mafuta kwenye skrubu na matundu yake kwa spiriti, natia tone la gundi ya skrubu ile ya nguvu ya wastani inayofunguka kwa bisibisi, kisha narudisha kila kitu kwa spana ya kupimia mkazo. Kwa ringi, viwanda vingi hutaka kati ya nyutoni-mita 1.7 na 2.3. Kijitabu kilichokuja na vyuma vyako ndicho cha kufuata. Kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza, kwa kuwa bomba ni la aluminiamu, na ringi zilizokazwa kwa hasira zinaliminya mpaka lile bomba dogo la ndani likwame. Kaza skrubu kwa kupokezana, pande zote mbili, mianya ya ringi ibaki sawa. Kabla ya kumaliza, shika bunduki wima na uhakikishe mstari wa msalaba umesimama wima nayo, maana mstari huo ukiinama kidogo utalipa kwenye mita 300. Mwisho chora kwa rangi nyeupe mstari mwembamba kuanzia kichwa cha skrubu mpaka kwenye chuma cha ringi. Siku skrubu ikizunguka, mstari utakuwa umekatika, na utaona kwa jicho tu.

Fundi wa bunduki akikufanyia kazi hii, haichukui hata saa moja. Hakuna sehemu nyingine ya bunduki ya bei nafuu ambapo muda mfupi namna hiyo unarudisha faida kubwa namna hiyo.

Kulinganisha, na kupima ukweli

Maandishi ya kwenye boksi yakisema darubini imelinganishwa na mtutu kiwandani, maana yake ni kwamba kuna mtu au kifaa kimehakikisha vyote viwili vinaelekea upande mmoja kwa makadirio. Bunduki hiyo haijalinganishwa na risasi zako wala bega lako. Inapaswa kuangukia kwenye karatasi ukiwa karibu, basi.

Anza kwenye mita 25, kwenye uwanja wa shabaha wenye tuta zuri la udongo nyuma, masikio na macho yamekingwa, bunduki imelala kwenye mifuko ya mchanga. Virungu vingi husogeza robo ya dakika ya nyuzi (dakika ni sehemu moja ya sitini ya nyuzi moja) kwa kila klik: milimita 7 hivi kwenye mita 100, chini kidogo ya milimita 2 kwenye mita 25. Risasi ikiangukia sentimita 5 kushoto kwenye mita 25, unahitaji klik 27 au 28 kwenda kulia. Wengi hugeuza saba kwa sababu wamekariri hesabu ya mita 100, kisha wanashangaa.

Ukishapata katikati kwenye mita 25, nenda mita 100. Usishtuke risasi ikipanda. Darubini iko sentimita 4 hivi juu ya mtutu, kwa hiyo risasi huanzia chini ya mstari wa jicho, huukata karibu na mita 25, kisha huendelea kupanda juu yake kabla ya kushuka. Kwa .308 yenye kichwa cha gramu 9.7, bunduki iliyokaa sawa kwenye mita 25 itapiga sentimita 5 hadi 8 juu kwenye mita 100. Wawindaji wengi huiacha sentimita 5 juu hapo, ikarudi kwenye mstari karibu na mita 200. Kwenye mita 300 risasi hiyo itakuwa imeshuka zaidi ya robo mita, ndiyo maana mita 300 si umbali wa kubahatisha.

Sasa fika kwenye swali ambalo kwangu ndilo lenye uzito kuliko yote. Watu hubishana kuhusu ukubwa wa kundi la matundu: bunduki yangu inaweka risasi tatu ndani ya sentimita 3, yako ndani ya 5. Eneo la moyo na mapafu la kulungu wa wastani lina upana wa sentimita 20 hivi. Bunduki inayoweka kundi la sentimita 5 kwenye mita 100 itaweka 10 kwenye mita 200, bado nusu ya eneo hilo. Bunduki karibu yoyote ya kifurushi inaliweza hilo. Risasi tatu zikikaribiana zinaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo piga tano, mtutu ukipoa katikati, ndipo uongee. Kilicho kibaya ni kundi zuri lililohama. Leo liko katikati, wiki ijayo liko sentimita 15 kulia, zuri vilevile, limekusanyika vilevile. Mwindaji mwenye kundi pana anajua mipaka yake. Mwenye kundi linalohama hajui kitu, na mnyama ndiye anayeumia.

Kuhama kunapimwa. Piga risasi moja kwa mtutu baridi kwenye karatasi safi, weka karatasi hiyo, rudi siku nyingine upige moja tena kwenye karatasi ileile, na kadhalika, kwa kuwa porini risasi inayohesabika ni ile ya mtutu baridi. Pili, zungusha virungu kwa mraba: piga, panda klik 20, piga, kulia 20, piga, shuka 20, piga, kushoto 20, piga. Risasi ya mwisho inapaswa kurudi kwenye tundu la kwanza au kuligusa jirani. Darubini ikifeli mtihani wa mraba lakini haihami, unaweza kuilinganisha mara moja ukaiacha na kuwinda nayo miaka. Ikihama yenyewe, haina dawa. Jaribu pia aina mbili tatu za risasi kabla ya kuhukumu, maana kila mtutu una risasi unayoipenda, kisha nunua za kutosha za aina iliyoshinda. Ukibadilisha uzito wa kichwa cha risasi, linganisha upya.

Kundi likihama, fuata mpangilio kabla ya kununua kitu: kagua mistari ya rangi, kisha skrubu za reli, kisha kama kitako kinagusa mtutu, halafu ndipo uishuku darubini. Kwa haraka watu huanzia mwisho. Wananunua darubini ghali, wanaifunga juu ya reli ileile iliyolegea, na tatizo linabaki.

Je, ununue kifurushi au bunduki tupu? Kama bajeti yako inaishia hapo na msimu umekaribia, nunua kifurushi cha kaliba ya wastani, toa pesa kidogo kwa fundi, zilizobaki zote weka kwenye risasi za mazoezi. Kama una uwezo wa kungoja, nunua bunduki tupu ya aina ileile, kwa kuwa mtutu ni uleule, kisha uchague ringi nzuri, halafu darubini. Njia ya tatu ni ya kuanza na kifurushi na kuibadilisha darubini baada ya msimu mmoja au miwili, ukishajua kwa uhakika unapiga umbali gani na jioni kiasi gani. Hiyo ndiyo ningemshauri anayeanza. Darubini ya zamani usiitupe, ihamishie kwenye bunduki ndogo ya .22, ambayo haina teke la kuisumbua.